Wajina Wangu wa Presi

Koti lilikuwa la mwalimu. La kahawia, mabega mapana, kifungo cha pili hakipo. Zamani kule kwetu upande wa Kakamega, ukitaka kitambulisho ulikwenda kwa chifu siku ambayo mpiga picha amekuja, na mpiga picha yule hakukubali mtu mwenye shati lililochanika. Alisema serikali haitaki kuona kifua cha mtu. Basi mwalimu akavua koti lake akaliweka kwenye kiti, na sisi vijana tukapanga foleni. Unaingia, unavaa koti, unaambiwa usicheke, taa inawaka, unavua, unampa aliye nyuma yako. Lilipofika kwangu lilikuwa limelowa jasho la kijiji kizima. Ndiyo maana hadi leo wanaume wa rika langu, ukiwaambia watoe vitambulisho wavipange mezani, utaona koti moja limevaliwa na vichwa tofauti tofauti. Mimi niliacha shule darasa la tatu, kwa hivyo koti la mwalimu ndiyo elimu ya juu kabisa niliyowahi kuvaa.

Picha yangu ilitoka giza. Mama aliishika, akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Sasa huyu ni wewe ama ni koti tu?" Miaka mingi baadaye vitambulisho vilipobadilishwa nilipigwa picha nyingine huku Nairobi, na yenyewe ikatoka giza vilevile. Hapo nikajua taa haikuwa na makosa.

Nimeanza na koti kwa sababu picha hiyo ya giza ndiyo iliyomfaa mtu ninayetaka kumweleza. Kama ningetoka vizuri kwenye picha, labda mtu huyo angekuwa bado ananipita hapa kila asubuhi akiniambia, "Wajina, umeamka?" Nami ningemjibu, "Nimeamka, wajina, lakini sijafurahi." Tulikuwa tunacheka hivyo. Wajina ni mtu mnayeitwa jina moja. Yeye na mimi hatukuitwa jina moja. Nitafika huko.

Mimi natengeneza majiko ya mabati hapa Huruma, nje ya ploti ninamokaa, kando ya geti. Niko hapo tangu ghorofa zilizo mbele yangu zilipokuwa bado ni vibanda. Yeye alikaa ghorofa ya tatu na mkewe, mama aliyekuwa anakaanga mandazi ya kuuza. Alifanya kazi Industrial Area, kiwanda cha mikebe na vifuniko vya sufuria, kwenye mashine ya presi. Ploti nzima ilimwita Opareta. Hata keateka, yule msimamizi wa ploti, akiandika ni nani hajalipia takataka aliandika "Opareta, ghorofa ya tatu." Jina lake la kweli nililijua, na sitalitaja. Langu pia sitalitaja. Majina hayo mawili yameshafanya kazi ya kutosha.

Alikuwa mfupi, shati limefungwa hadi kooni, na viatu vya kamba. Viatu hivyo ndivyo watu walivyomjua navyo. Hapa Huruma mvua ikinyesha, hata mchungaji huvaa gambuti, lakini Opareta alishuka ngazi na viatu vyeusi vinang'aa, akaruka mawe kwa mawe mpaka barabarani, na jioni akarudi vikiwa bado vinang'aa. Vijana wa ploti walikuwa wakimpigia makofi. "Opareta, umepaa ama umetembea?" Yeye alikaa kwenye kigoda changu, akafungua kamba, akazifunga upya zikae sawa, kisha akapanda kwake. Sijui kwa nini alizifunga upya wakati anakwenda kuvua. Niliwahi kumuuliza. Alisema, "Ili nivivue vikiwa vimefungwa vizuri." Nikamwacha, kwa sababu mimi nina rafiki mwingine aliyekuwa anaoga kabla ya kwenda kuoga mtoni, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Jambo la pili ni ukweli. Nimekaa Nairobi miaka mingi na sijaona mtu wa namna ile. Sisi sote, mtu akikupigia simu uko kitandani, unamwambia uko stejini, gari ndiyo hiyo inajaa. Opareta alijibu simu mbele yangu siku moja, mzee wa kanisa anamngoja kwenye mkutano, akasema, "Bado niko kwa Fundi wa majiko. Sijatoka. Na nikitoka nitapitia choo." Nilimwambia, wewe bwana, huyo ni mzee wa kanisa. Akasema, "Ndiyo maana."

Alimrudishia mama mboga sukuma wiki aliyokuwa ameongezewa kwa makosa. Alikataa kumsainia kijana fulani barua ya kusema anamjua tangu utotoni, kwa sababu alimjua tangu mwezi wa nne. Mkewe alikuwa anamlalamikia kwangu: "Fundi, hebu ongea na huyu mzee wako. Watu wananiuliza kama mandazi ni ya leo, na yeye amekaa hapo anawaambia ni ya jana!"

Sasa mtu huyu wa kweli namna hii, kila asubuhi kwa miaka minane, alisimama kwenye geti la kiwanda, akaitwa kwa jina langu, akaitikia.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni alifanya kazi pale kwa jina lake. Ukatokea mgomo wa vibarua, wakafukuzwa wote, na majina yao yakaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kibanda cha askari, kwamba hawa wasiingie tena. Lakini presi haiendeshwi na mtu yeyote tu. Vibarua wapya waliharibu bati, wakaharibu na mashine. Supavaisa mwenyewe akamtafuta. Akamwambia, mimi mkono wako naujua, lakini jina lako siwezi kulipitisha getini. Njoo na jina lingine.

Watu wa viwandani hawatashangaa. Jambo hilo lipo. Mtu anafanya kazi na kipande, yaani kitambulisho, cha ndugu yake, cha shemeji, hata cha marehemu. Getini wanaangalia namba, hawaangalii uso. Opareta alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda. Alifunga kamba za viatu mara tatu. Mwishowe akasema, "Fundi, wewe kitambulisho chako kinafanya kazi gani?" Nikamwambia kinakaa chini ya godoro kinangoja uchaguzi. Akasema, "Nikopeshe."

Nilicheka, nikampa. Picha ilikuwa giza, koti, kichwa. Angeweza kuwa yeye. Angeweza kuwa mtu yeyote. Kwenye uchaguzi alinirudishia, nikapiga kura, nikampa tena.

Tangu siku hiyo akaanza kuniita wajina.

Shida ni kwamba jina langu ni la watu wa magharibi, la tatu ni la baba yangu kabisa, na yeye alikuwa mtu wa Murang'a. Wiki ya kwanza tu mtu wa kwetu akamshika kwenye foleni ya chai, "Mulembe!" Opareta akaangalia juu kama anayesoma hali ya hewa. Jioni alikuja kwangu mbio. "Wajina, nifundishe kusalimia, nitaumbuka." Basi tukakaa hapa mimi nagonga bati, yeye anarudia maneno. Nikamfundisha salamu, nikamfundisha jina la mto wetu, soko letu, na chifu yule wa picha. Aliyashika vizuri ajabu. Mwaka mmoja baadaye watu wa kwetu kiwandani wakamchagua mweka hazina wa chama chao cha mazishi.

Usicheke. Au cheka, sisi pia tulicheka.

Ndugu yangu alipokufa, niliwaambia watu hapa ploti. Opareta naye akaenda kazini akawaambia, "Nimefiwa na ndugu." Wakamchangia, wakamwimbia, mmoja akalia begani kwake. Alileta mchango wote kwenye bahasha haijafunguliwa, na pamoja nao rambirambi zilizoandikwa kwa kalamu. Akanisomea kwa sauti, maana mimi kusoma ni kwa kubahatisha. Akaniambia, "Na yule wa stoo amesema ndugu yetu alikuwa mtu mzuri. Nimekubali kwa niaba yako. Alikuwa mzuri?" Nikamwambia alikuwa mlevi. Akasikitika sana. "Basi kesho nitamwambia yule wa stoo."

Lakini mama yake mwenyewe alipokufa huko Murang'a, siku ya Jumanne, hakuweza kusema neno kazini. Mama yangu mimi alishazikwa kitambo, na chama kilikuwa na daftari, jina langu halikuwa na mama wa kufiwa. Aliendesha presi siku nzima. Mtu akamtania kwamba leo amenuna kama aliyenyimwa nyama. Jioni hakukaa kwenye kigoda. Alisimama hapa nikiwa nakata bati akasema, "Mama hafi mara mbili, wajina. Nimehesabu nikaona haiwezekani." Akapanda ngazi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba nilimkopesha kitu kizito kuliko nilivyodhani, na sikufanya lolote. Nakumbuka nilimaliza lile jiko.

Nami nilifaidika, lazima niseme. Supavaisa alimruhusu Opareta kuniletea mabaki ya bati, vile vipande vinavyobaki mviringo wa kifuniko ukishakatwa. Bati safi, halijashika kutu. Majiko yangu yakapata sifa mpaka Komarock, watu wakiniagiza. Kwa hivyo yeye alikula kwa jina langu na mimi nikala kwa mkono wake. Niliona ni sawasawa.

Tena alikuwa na tabia ya kutembea. Akiwa na jambo zito hakukaa, hakuongea, hakuomba ushauri. Alisema, "Wacha nifikirie na miguu," akashika njia. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anatembea kutoka hapa mpaka Kangundo Road, anaifuata mpaka Njiru, anageuka, anarudi. Binti yao alipotaka kuolewa na mtu ambaye hawakumpenda, alikwenda Njiru mara mbili kwa siku moja, kisha akasema, "Aolewe." Mkewe hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anamwekea chai kwenye chupa, anasema, "Atarudi akishafika mwisho wa hiyo fikira."

Sasa niseme ajali, maana nimeizunguka vya kutosha.

Presi ile ina vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto. Imetengenezwa hivyo ili usipobonyeza kwa mikono yote miwili isishuke, na mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe, haiko ndani. Lakini kubonyeza viwili kunachelewesha. Basi wanafunga kitufe kimoja na blada, kile kipande cha mpira wa tyubu, kinakaa kimebonyezwa siku nzima. Mkono mmoja unabonyeza, mwingine unaingiza bati. Wote walifanya hivyo na blada zilitoka kwa supavaisa. Opareta hakupenda. Miaka alikataa, akachelewa, akatishiwa, mwishowe akafunga. Alifunga vizuri, kama kamba za viatu.

Mkono wa kushoto ulibaki na kidole gumba peke yake.

Na hapa ndipo penye kosa, kama ni kosa. Kwenye daftari la ajali la kiwanda, supavaisa akaandika aliyeumia ni mimi, jina langu lote, namba ya kipande changu. Wakamkimbiza hospitali. Pale nesi akamuuliza, "Baba, unaitwa nani?" Na yule mtu wa kweli, damu inamtoka, hana nguvu ya kukumbuka ujanja wa miaka minane, akataja jina lake. Jina alilopewa na mama yake. Wakaliandika kwenye kila karatasi, wakagonga mihuri.

Basi mkono ukawa na jina moja, kazi ikawa na jina lingine.

Alipotoka hospitali nilipanda kumwona. Alikuwa amekaa kitandani, viatu viko chini ya kitanda vimejaa vumbi. Akasema, "Wajina, samahani, nilikusahau." Mimi ndiye niliyemtembelea mgonjwa, yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Watu wakaja na maneno. Kila mtu alijua kwamba ukiumia kazini kuna fidia, sheria ipo, ni haki. Mkewe alitaka adai, siku ileile. Yeye akasema blada alifunga mwenyewe. Mkewe akamwambia, "Na blada uliizaa wewe? Kitufe ulikichonga wewe?" Ghorofa zote zilisikia. Kisha akalia, maana unga wa mandazi sasa aliuchota kwa mkopo, na dawa za kidonda zilikuwa zinangoja, na kodi, na yeye Opareta usiku hakulala, alisema vidole ambavyo havipo vinawasha.

Akaja broka, kijana wa kuwatafutia mawakili wateja, ana faili kwapani na viatu vilivyochongoka. Akakaa kwenye kigoda changu, akasoma karatasi za kiwanda, akasoma za hospitali, akapiga mluzi.

"Niaje wazee wangu. Hii kesi ni fiti sana, shida ni moja tu. Mwenye kazi yuko na vidole vyote, mwenye kukatika hakuwa na kazi." Akanitazama mikono. "Mngekuwa mnaweza kubadilishana mikono, mngekuwa mmeshalipwa."

Akacheka. Opareta hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi wa bati, ule mkubwa, na naapa kwamba niliutazama. Niliutazama kidogo tu. Kisha nikauweka chini na sikuweza kufanya kazi tena siku hiyo.

Opareta akaenda mwenyewe ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi. Alirudi akanieleza alivyoambiwa, neno kwa neno, kama kawaida yake. Karani pale, dada mmoja, alimsikiliza vizuri. Akasema, "Mzee, mwenye jina la kiwandani aje hapa, asimame mbele yangu, aandike kwamba jina ni lake na mkono ni wako, na kwamba alikukopesha. Hapo nitakuwa na pa kuanzia. Bila yeye sina kitu." Opareta akamuuliza kama mwenye jina atafungwa. Karani akasema, "Mimi si polisi. Siwezi kukuahidi chochote kuhusu polisi."

Mtu mwingine angeniambia ile sehemu ya kwanza akaacha ya pili. Yeye akanipa zote mbili, akakaa kwenye kigoda, mkono umefungwa bandeji, akangoja.

Nilimwambia, "Nipe wiki moja, wajina."

Katika wiki hiyo supavaisa alikuja hapa kwangu. Sikuwa nimemwona maishani. Mtu mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Alinunua jiko dogo, akaliangalia chini na juu, akaangalia rundo langu la mabaki. "Mabati haya yanakusaidia, eh mzee?" Nikasema yananisaidia. "Vizuri. Mwambie rafiki yako kazi ya kufagia ipo. Kwa jina lilelile. Tukae hivyo hivyo bila kelele." Akabeba jiko lake akaenda.

Nilimpelekea Opareta ujumbe huo. Akauliza, "Na wewe unasemaje?" Nikasema, "Kufagia si kubaya." Akasema atakwenda kufikiria na miguu, lakini hakuweza kufunga viatu kwa mkono mmoja, akarudi akakaa. Mkewe akapiga magoti akamfungia. Opareta aligeuza uso akatazama ukuta mpaka mkewe amalize.

Wiki moja ikawa tatu. Nilikuwa na sababu kila siku. Mguu unaniuma, kuna oda ya majiko, leo wanafunga mapema. Yeye ambaye hakuwahi kudanganya kwenye simu alinisikiliza akisema, "Sawa, wajina." Kidonda kikaoza kidogo, kikasafishwa, kikaoza tena. Mkewe akaacha kunisalimia. Aliweka mandazi yangu kwenye karatasi bila kunitazama, na ilikuwa haki yake.

Kuna jambo ambalo ninapaswa kuliweka mwisho, lakini naliweka hapa kwa sababu sitaki lije baadaye. Mimi nilikwenda. Mwishowe nilikwenda, peke yangu, nikasimama mbele ya dirisha la yule karani nikasema kila kitu: jina ni langu, mkono si wangu, nilikopesha, na supavaisa alijua. Sikushikwa na mtu. Hakuna polisi aliyeitwa. Dada yule aliandika ukurasa mzima, akaniwekea kidole kwenye wino, kisha akainua kichwa akaniuliza, "Na mwenye mkono yuko wapi?"

Nikatembea mpaka Njiru kumtafuta. Niliuliza kwenye vibanda vyote vya Kangundo Road, mtu mfupi, viatu vya kamba, mkono wa kushoto una bandeji. Wengine walimjua. "Yule wa Jumapili? Hajapita siku nyingi." Mimi na mkewe tuliuliza hospitali, tuliuliza vituo vya polisi, tuliuliza mahali ambapo sipendi kupataja. Mkewe aliweka chai kwenye chupa, akaimwaga, akaweka nyingine. Alifanya hivyo mpaka kodi ikamshinda akaenda kukaa na binti yao. Siku anahama alinikuta hapa getini. Nilitaka kumbebea sufuria. Akasema, "Wacha, Fundi. Umenibebea vya kutosha." Mabati safi hayaji tena. Natumia mapipa ya kuokota.

Lakini nilikuwa nakuja kwenye siku yenyewe, ile tuliyokwenda leba pamoja. Hiyo ilikuwa kabla ya hayo yote.

Asubuhi hiyo ni mimi niliyempandia. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nikamwambia, "Leo, wajina. Twende." Mkewe akashika mlango kwa mikono miwili kama anayeogopa nitageuka. Opareta akaweka miguu mbele, nami nikainama nikamfungia viatu. Kamba nilizifunga vibaya, mimi ni mtu wa ndara. Akasema, "Kaza kidogo, hapo kushoto." Nikakaza. Tukaenda kwa miguu, yeye amebeba karatasi zote kwenye mfuko wa nailoni. Njiani alikuwa na furaha, sijui kama ni furaha. Aliniambia akilipwa atanunua mashine ya kukanda unga, ina kitufe kimoja tu. Akacheka. Akanirudisha nyuma kwenye salamu, tukasalimiana kikwetu mara mbili tatu, mulembe, mulembe, watu wakatutazama.

Pale ofisini tuliacha mfuko dirishani tukaambiwa tukae kwenye benchi, tutaitwa. Benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja mwenye bandeji jichoni, kijana wa magongo. Mlangoni alikuwa amesimama askari, kijana tu, anakula hindi la kuchoma. Hakuwa amekuja kwa ajili yetu. Nadhani alikuwa anakwepa jua. Lakini mimi nilianza kumtazama, nikamtazama anavyotafuna punje moja moja, na kila punje nikaona selo, nikaona godoro langu, nikaona rundo la mabati, na mgongo wangu ukalowa kama siku ile ya koti.

Karani akaita jina langu. Majina yote matatu, hadi la baba.

Opareta akageuka akanitazama. Hakunisukuma, hakunigusa. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake aanze wimbo.

Sikusimama.

Karani akaita tena, kwa sauti zaidi. Watu wakaanza kuangaliana. Nikaangalia chini, sakafu ilikuwa na nyufa, nikaangalia viatu vyake. Nilisikia amevuta pumzi. Miaka minane jina hilo liliitwa getini na yeye akaitikia, na nilijua, bila kuinua kichwa, kwamba mdomo wake umeshafunguka. Kisha ukafungwa. Nilisikia akimeza mate.

Mara ya tatu karani hakuita kwa nguvu. Aliuliza tu kama anajiuliza mwenyewe. "Hayupo?" Akachukua zile karatasi akaziweka chini ya nyingine. "Anayefuata."

Tukakaa. Yule mama wa jicho akaitwa akaenda. Askari akatupa gunzi akafuta mikono kwenye suruali, akaondoka zake.

Opareta akasimama. Akanyoosha shati lake kwa mkono mmoja, akahakikisha kifungo cha kooni. "Fundi," akasema. Kwa miaka minane hakuwa ameniita hivyo. "Nakuja."

Niliinua macho akiwa ameshafika mlangoni. Kamba ya kushoto ilikuwa imeanza kulegea, ile niliyofunga mimi. Alishuka ngazi polepole, akavuka uwanja, akapita geti. Nyumbani ni kulia. Yeye akashika kushoto.